Nyumba ya shambani iliyohamishwa: ninavyopima uhalisi wake

Wenye nyumba kongwe za mashambani hapa Marekani huniuliza sana: nyumba ikishang'olewa ilipojengwa na kupelekwa kwingine, bado ni ya kihistoria? Wengi wameshaambiwa hapana. Mimi jibu hilo silikubali, ingawa kanuni zenyewe zinaanza kwa mashaka.

Daftari la Taifa la Maeneo ya Kihistoria, lililotokana na sheria ya mwaka 1966, hupima uhalisi kwa mambo saba: mahali, usanifu, mazingira, vifaa vya ujenzi, ufundi, hisia, na uhusiano wa jengo na watu au matukio yake. Ukiihamisha nyumba umepoteza mahali, na mara nyingi mazingira pia. Ndiyo maana kwa kawaida majengo yaliyohamishwa hayaandikishwi. Hata hivyo, yenye thamani hasa kwa usanifu wake huweza kukubaliwa, na vilevile lile ambalo ndilo jengo muhimu zaidi lililosalia kuhusu mtu au tukio fulani.

Kwa hiyo kwanza nauliza: nyumba hii inathaminiwa kwa lipi? Ikiwa ni kwa historia ya kilimo cha eneo fulani, bila shamba, ghala na kisima sina mengi ya kuitetea. Ikiwa ni kwa kazi ya seremala, nachukua tochi naingia uvunguni.

Msingi karibu kila mara ni mpya, na dohani mara nyingi imejengwa upya, hilo halinishtui. Natazama maboriti. Mikwaruzo iliyonyooka, inayofuatana sambamba, ni ya msumeno wa kupanda na kushuka. Ile ya upinde ni ya msumeno wa mviringo, ulioenea karne ya 19. Kisha misumari. Uliofuliwa na mhunzi umechongoka pande zote nne, na kichwani zinaonekana alama za nyundo. Uliokatwa kwa mashine kutoka kwenye bamba, aina iliyoanza kuenea miaka ya 1790, umechongoka pande mbili tu. Wa waya, wenye mwili wa duara, ulitawala mwishoni mwa karne ya 19. Katika nyumba ya mwaka 1800, nikikuta misumari ya waya kwenye maungio ya nguzo na boriti, najua hapo palifunguliwa au palitiwa kiraka.

Darini natafuta namba ambazo seremala alizichonga kwa patasi kwenye kila ungio. Kenchi namba tatu ikikaa na mwenzake namba tatu, mpangilio wa kwanza umesalimika. Namba zikichanganyika, nyumba huenda ilivunjwa vipande ikaunganishwa na watu ambao hawakusoma alama hizo. Kwangu hasara hiyo inazidi msingi mpya wa zege.

Mfano ninaopenda kuutoa ni Hamilton Grange, New York. Si nyumba ya mkulima wa kawaida: John McComb aliisanifu kwa ajili ya Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, kwenye shamba la ekari 32, ikakamilika mwaka 1802. Mwaka 1889 ilisogezwa kupisha mitaa ya jiji. Baraza zikaondolewa, ngazi na mlango mkuu vikabadilishwa, na baadaye ikabanwa kati ya kanisa na jengo la ghorofa. Mwaka 2008 ilinyanyuliwa nzima kwa jeki hadi juu ya baraza ya kanisa, ikashushwa hadi bustani ya St. Nicholas, ardhi iliyokuwa sehemu ya shamba lile lile. Ilifunguliwa tena mwaka 2011.

Baraza zake za sasa nazihesabu upande wa usanifu, siyo upande wa vifaa, kwa sababu mbao ni mpya. Mazingira yamepata nafuu kubwa. Lakini nyumba haitazami upande ule ilioutazama mwanzo. Wakazi wa jirani walilipinga hilo, na nadhani walikuwa na haki. Mwelekeo ndio unaoamua jua linaingia chumba gani na saa ngapi, na McComb alipanga vyumba kwa kufuata hilo.

Kama nyumba yako bado haijaondoka, pima mwelekeo wake kwa dira, piga picha kila ungio, weka namba kila kipande kabla jeki haijafika. Na kama tayari imo kwenye Daftari, omba idhini mapema: ikihamishwa bila idhini hufutwa moja kwa moja, na kuirudisha ni kuanza maombi upya.