Utitiri wa ufukweni: anavyopumua maji yanapojaa

Maji yakipwa Oysterbay, jijini Dar es Salaam, miamba ya matumbawe ya kale hubaki wazi, ikiwa na utando wa mwani wa kijani unaoteleza. Kwenye nyufa na vishimo vya miamba hiyo ndiko pa kumtafuta utitiri wa ufukweni. Wengi hawafiki milimita 1. Ni ndugu wa buibui na kupe, si mdudu: mkubwa ana miguu 8, na kichanga aliyetoka kwenye yai ana 6. Asili yake ni nchi kavu na hana matamvua, ilhali kila siku maji hujaa mara 2 na kumfunika kwa saa kadhaa.

Kila kundi lina njia yake ya kupumua. Jamaa ya Fortuyniidae, wenye gamba gumu la kahawia na wanaokula mwani kwenye fukwe za joto, wana vifereji vyembamba ubavuni vinavyopita juu ya gamba. Mfumo huo hujulikana kama kiungo cha van der Hammen, Mholanzi aliyeieleza jenasi ya Fortuynia mwaka 1960. Uso wa vifereji hivyo hausharabu maji, kwa hiyo utitiri akizama, tabaka jembamba la hewa hubaki limenaswa humo. Tabaka hilo ndilo plastroni.

Watu wengi hudhani hewa hiyo ni akiba inayokwisha. Sivyo. Utitiri anapoitumia oksijeni, nyingine huingia kutoka majini, na kabonidioksidi hutoka na kuyeyuka. Kwa kuwa kuta za vifereji huzuia hewa isisinyae, kazi hii huendelea siku nyingi, ilimradi maji yenyewe yana oksijeni. Kwenye kidimbwi kilichotuama, chenye uchafu unaooza, oksijeni ya maji hushuka na plastroni huanza kuipoteza badala ya kuipokea.

Kundi la Mesostigmata, ambalo hupatikana sana chini ya marundo ya mwani yaliyosukumwa pwani, lina jozi 1 ya matundu ya pumzi karibu na sehemu za juu za miguu ya nyuma. Kila tundu limeunganishwa na mfereji uitwao peritrema, unaoelekea mbele, na kwa baadhi yao mfereji huo hushika hewa wanapozama. Makundi mengine 2, Halacaridae na Hyadesiidae, hayategemei trakea, yaani mirija ya hewa ya ndani ya mwili. Oksijeni hupenya ngozini tu, na udogo wao ndio unaowezesha hilo, kwani safari ya kufika ndani ni fupi mno.

Makazi huonekana hata kwenye kucha. Fortuyniidae wa miamba inayopigwa na mawimbi huwa na kucha kubwa, zilizopinda zaidi, kuliko wa mikoko, ambako maji ni tulivu.

Adui mkubwa wa plastroni ni sabuni na mafuta. Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji, maji yakaingia kwenye vifereji na hewa ikatoka. Mafuta nayo hulowesha uso ule ule. Anayemwaga maji ya kufulia au oili chafu kwenye mtaro unaoishia baharini anawazamisha viumbe ambao bahari yenyewe haikuweza kuwazamisha.

Kwa mwalimu au mwanafunzi anayetaka kuwaona: nenda maji yakiwa yamepwa, siku za bamvua, na uangalie jedwali la maji kabla hujashuka. Kwangua mwani wa eneo dogo kwa kisu, uutie kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 75. Andika lebo kwa penseli, uitie ndani ya kichupa. Wino wa kalamu huyeyuka. Mwani uliosukumwa pwani uweke kwenye faneli yenye wavu, chini ya balbu, ili ukavu uwasukume utitiri kushuka kwenye kichupa. Faneli haifai kwa Halacaridae. Hao suuza mwani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwani huachia haraka, kisha chuja kwa chekecheo lenye matundu ya mikroni 100 (milimita 0.1) au madogo zaidi.

Chini ya hadubini, vifereji vya utitiri aliyetoka kwenye ethanoli vinaweza kuonekana vyeusi. Si uchafu, ni hewa iliyobaki. Mlaze kwenye asidi ya laktiki siku kadhaa hadi gamba lipenyeze mwanga. Hewa ikitoka, mkondo mzima wa vifereji utaufuatilia kwa jicho.