Sperrkonto ni nini, na kwa nini haikutoshi ukifika Ujerumani

Sperrkonto ni akaunti ya Ujerumani iliyofungiwa. Jina ni lako na fedha ni zako, ila huwezi kuzitoa utakavyo. Unaziweka ukiwa bado nyumbani, kabla ya kuomba viza, kisha ukishafika unapewa fungu moja kila mwezi. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inamtaka mgeni aonyeshe kwamba atajitunza mwenyewe bila kutegemea misaada ya serikali, na kwa mwanafunzi njia iliyozoeleka zaidi ya kuonyesha hivyo ni hii. Tangu Septemba 2024 kiwango cha mwanafunzi wa chuo kikuu ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka. Kabla ya hapo kilikuwa euro 11,208. Hupangwa kwa kufuata BAföG, msaada ambao serikali huwapa wanafunzi wa nchini humo, kwa hiyo hubadilika. Soma kiwango kwenye tovuti ya ubalozi wa Ujerumani wa Dar es Salaam au Nairobi, usitegemee alichokwambia mtu aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Ni fedha nyingi: zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Kenya, au zaidi ya milioni 30 za Tanzania. Nyumba nyingi huzipata kwa kuuza kiwanja, kuchukua mkopo wa SACCO na kuchangisha ndugu, vyote kwa pamoja. Mzigo wa namna hiyo unastahili kueleweka vizuri kabla haujatumwa. Tena, si kila anayekwenda Ujerumani anadaiwa mzigo huo. Mwenye ufadhili kamili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, huonyesha barua ya ufadhili. Mwenye ndugu anayeishi Ujerumani kihalali na mwenye kipato cha kutosha anaweza kudhaminiwa kwa hati iitwayo Verpflichtungserklärung, ambayo ndugu huyo huisaini mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake. Anayekwenda kwenye Ausbildung, mafunzo ya kazi yenye posho, huhesabiwa posho yake, na ikipungua chini ya kiwango hutakiwa kuonyesha tofauti tu. Ulizia hayo kwanza, kabla kiwanja hakijauzwa.

Jambo linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba mwenye Sperrkonto ameshapata akaunti Ujerumani. Hajapata. Kwa kawaida akaunti hii haiji na kadi ya dukani, mwajiri hapitishii mshahara humo, na huwezi kuiagiza ilipe kodi ya chumba. Fungu la kila mwezi linahitaji mahali pa kuingia, na mahali hapo ni Girokonto, akaunti ya kawaida ya matumizi ya kila siku. Bila Girokonto unaweza kukaa Leipzig au Köln na euro elfu kumi na moja kwa jina lako, ukakosa ya kununulia mkate. Kwa hiyo anayejiandaa anajiandaa kwa akaunti mbili. Ya kwanza huifungua akiwa nyumbani. Ya pili huifungua akishafika, lakini karatasi zake nyingi hutengenezwa nyumbani vilevile.

Tuanze na ya kwanza. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani huweka kwenye tovuti yake orodha ya watoa huduma, wakiwamo Expatrio, Fintiba na Coracle. Unajisajili kwa intaneti, unapakia pasipoti, unapewa namba ya akaunti, unatuma fedha. Zikitimia, unaletewa hati ya uthibitisho, na hati hiyo ndiyo unayoipeleka kwenye miadi ya viza. Neno la kushika hapo ni "zikitimia". Fedha zinazotoka Mombasa kwenda Frankfurt aghalabu hupitia benki moja au mbili za kati, na kila moja inaweza kumega ada yake njiani. Kwenye fomu ya kutuma fedha nje kuna sehemu ya ada yenye visanduku vitatu: OUR, mtumaji anabeba ada zote, SHA, mnagawana, BEN, zote zinakatwa kwenye fedha zinazotumwa. Karani wa benki mara nyingi hutia alama SHA bila kuuliza. Tuseme umetuma euro 11,904 kamili na zikafika 11,879. Hati haitoki kwa sababu ya euro 25, nawe una miadi ya ubalozini wiki ijayo. Sema OUR kwa mdomo wako, hakikisha imeandikwa, kisha ongeza kidogo juu ya kiwango. Watoa huduma wenyewe hudai akiba ndogo pamoja na ada yao, na akiba hiyo hurudi kwako. Viza ikikataliwa, barua ya kukataliwa ndiyo inayofungua akaunti, na fedha hurudishwa baada ya kukatwa ada, kwa hiyo usiitupe hata kama imekuudhi.

Halafu kuna swali la fedha zimetoka wapi. Watu wetu wengi hulisikia kama tuhuma, wakajibu kwa hasira au kwa ufupi, na maombi yao yakakwama. Benki za Ulaya zinabanwa na sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha, na zinaangalia pia fedha zinatoka nchi gani. Kikosi kazi cha kimataifa kinachosimamia jambo hili, FATF, kina orodha ya nchi zilizo chini ya uangalizi wa karibu, ambayo wengi huiita orodha ya kijivu. Uganda ilikuwamo tangu Februari 2020 hadi Februari 2024. Tanzania iliingizwa Oktoba 2022 pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikatolewa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024, na mwaka 2025 Umoja wa Ulaya nao ukaitia kwenye orodha yake. Fedha za mwalimu wa Kisumu zikiulizwa maswali matatu pale ambapo za mwalimu wa Lisbon zinaulizwa moja, chanzo kimojawapo ni hicho. Naliona ni jambo zito kwa mtu ambaye hajamkosea yeyote, lakini dawa yake ni karatasi. Kama fedha ni za kiwanja, weka mkataba wa mauzo. Kama ni mkopo wa SACCO, weka barua ya mkopo. Kama ni michango iliyoingia kwa simu, chukua taarifa ya M-Pesa ya kipindi hicho, na fedha ziingie benki kwa utaratibu unaofuatika, zisitue zote siku moja kwa noti. Barua fupi ya mzazi inayosema "mimi ndiye ninayemsomesha", pamoja na nakala ya kitambulisho chake na taarifa ya akaunti yake ya miezi kadhaa, husaidia kuliko maelezo marefu.

Jina nalo litazamwe mapema. Sisi hutumia jina la mtu, la baba na la babu, na kila ofisi huyapanga kivyake: cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cheti cha shule kina matatu, benki imeandika herufi moja ya jina la kati. Ujerumani watafuata pasipoti, na humo watatafuta sehemu mbili, jina la ukoo na majina ya kupewa. Sehemu ya jina la ukoo ikiwa na jina la babu, basi hilo ndilo litakalokuwa kwenye kadi, kwenye mkataba wa chumba na kwenye barua zote. Andika vivyo hivyo kila mahali kuanzia siku ya kwanza, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Tofauti kati ya vyeti ni rahisi kurekebishwa kwa kiapo cha mwanasheria ukiwa Tanga kuliko ukiwa Hamburg.

Sasa Girokonto. Sheria inailazimu benki ijue jina lako, tarehe na mahali ulipozaliwa, uraia wako na anwani unayoishi. Manne ya kwanza unayo ndani ya pasipoti. La tano ndilo linaloanza kukuzungusha, kwa sababu mwenye nyumba anataka aone una akaunti ya kulipia kodi, benki inataka anwani, na anwani inathibitishwa na ofisi ya mji pale tu unapokuwa na nyumba. Mzunguko huo unakatwa kwa karatasi moja, Wohnungsgeberbestätigung, ambayo mwenye nyumba huisaini kueleza kwamba umehamia kwake. Kisheria unatakiwa ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na tangu Novemba 2015 huwezi kuandikishwa bila karatasi hiyo. Ndiyo maana kabla hujalipa hata senti ya chumba, muulize anayekupangisha kwa maandishi: utanisainia? Mabweni ya wanafunzi husaini bila shida. Wengi wanaopangisha chumba cha muda mfupi hukataa, na chumba cha rahisi kisichokuwa na karatasi hiyo kinaweza kukugharimu mwezi mzima bila akaunti. Ukishaandikishwa unapewa hati ya makazi, na benki nyingi huridhika nayo pamoja na pasipoti yenye viza.

Kuna jambo dogo ambalo halimo kwenye fomu yoyote, nalo limewachelewesha wageni wengi. Kadi ya benki huja kwa posta, na namba ya siri huja kwa barua nyingine, siku nyingine. Tarishi wa Ujerumani hatazami namba ya chumba. Anatazama majina yaliyobandikwa kwenye visanduku vya barua mlangoni, asipoliona lako anaondoka na barua, inarudi ilikotoka. Siku unayopokea funguo, andika jina la ukoo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye kisanduku. Kama unaishi kwenye nyumba ya mtu, iandikishie benki anwani yenye "c/o" na jina la mwenyeji wako. Kwa kisanduku hicho hicho itapita barua yenye Steuer-ID, namba ya kodi yenye tarakimu 11, ambayo mwajiri atakudai na benki nayo itaitaka, ingawa benki nyingi hukubali uipeleke baadaye.

Utambulisho wenyewe hufanyika tawini, au posta kwa njia iitwayo PostIdent, au kwa simu ya video. Njia ya video ni ya haraka ila haipokei pasipoti za nchi zote, kwa hiyo usijenge mpango wako wote juu yake. Tawi la Sparkasse, benki za akiba zilizo karibu kila mji, hukuwezesha kukaa mbele ya mtu na kueleza, na kwa mgeni wa mara ya kwanza mimi naona hilo lina thamani kubwa hata kama ada yake ya mwezi ni ya juu kidogo. Watakupa fomu ya kueleza ni nchi gani unalipa kodi. Mkenya aende na PIN yake ya KRA na Mtanzania TIN yake ya TRA, mara nyingi huulizwa.

Benki ikikukatalia, jua kwamba una haki. Tangu Juni 2016 sheria ya Ujerumani, iliyotokana na agizo la Umoja wa Ulaya la 2014, inampa kila anayekaa kihalali kwenye Umoja huo haki ya Basiskonto, akaunti ya msingi: kuweka, kutoa, kutuma, kulipa kwa kadi, bila ruhusa ya kuchukua zaidi ya salio. Haki hiyo ni ya mwanafunzi, ya mwomba hifadhi, hata ya asiye na makazi. Fomu yake ina sura moja nchi nzima, benki ina siku 10 za kazi tangu kuipokea ikiwa imekamilika, na ikikataa lazima ikupe sababu kwa maandishi. Mamlaka ya usimamizi wa fedha, BaFin, hupokea malalamiko bila malipo. Wengi huambiwa "hatuwezi" kwa mdomo wakaondoka. Omba fomu ya Basiskonto kwa jina lake.

Wengine hufungua akaunti ya kwenye simu ambayo IBAN yake, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, inaanza na LT, ya Lithuania, badala ya DE, halafu mwenye nyumba au mwajiri anaikataa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 260/2012 inakataza kubagua IBAN kwa nchi ilikotoka. Ni vizuri kuijua, ingawa kama una haraka ya kupata mshahara wa kwanza IBAN ya DE hukuepusha na mabishano.

Kati ya kutua na kupokea fungu la kwanza zinaweza kupita wiki kadhaa: kuandikishwa, kufungua Girokonto, kungoja kadi, kutuma IBAN kwa mtoa huduma wa Sperrkonto. Wiki hizo zinahitaji fedha zake nje ya zile 11,904, pamoja na amana ya chumba. Kabla ya kuondoka iambie benki yako ya nyumbani ifungulie kadi matumizi ya nje. Laini yako ya simu iwe na uwezo wa kupokea SMS ukiwa Ujerumani, maana namba za uthibitisho wa miamala zitakuja huko. Ukibeba taslimu, kuanzia euro 10,000 lazima uzitangaze forodhani unapoingia Umoja wa Ulaya.

Kibali cha ukaazi kikikaribia kuisha, ofisi ya wageni itauliza tena utajitunza vipi. Safari hiyo si lazima uweke upya fedha zote kwa mkupuo: mkataba wa kazi ya muda na taarifa za Girokonto zinazoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi vinaweza kuhesabiwa, na kama havifiki kiwango unafungia kiasi kilichopungua. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza pakua taarifa ya akaunti kila mwezi na uiweke pamoja na nakala ya pasipoti.