Kutokuwa monopoli hakukuokoi: dhana potofu kuhusu maduka makubwa ya Marekani kuungana

Hii ya "sisi hatuna hata robo ya soko la nchi, kesi itatoka wapi" naisikia kila mara kwa wateja wangu wenye maduka ya rejareja wanaotaka kuungana na imenichosha kwelikweli. Kifungu cha 7 cha Clayton Act ya 1914, sheria ya ushindani ya Marekani, hakisubiri mtu awe monopoli, kinauliza tu kama muungano huenda ukapunguza ushindani kwa kiasi kikubwa, na kinauliza hivyo kwa bidhaa fulani, eneo fulani. Eneo jamani! Mtu anayetoka jioni kununua maziwa hachagui kati ya maduka yote ya Marekani, anachagua kati ya mawili matatu yaliyo karibu na kwake, sasa yote yakiwa ya tajiri mmoja hiyo asilimia yenu ya kitaifa inamsaidia nini?

Angalieni Kroger na Albertsons, kampuni mbili za maduka makubwa ya vyakula: Kroger ilitaka kuinunua Albertsons, dili ya dola bilioni 24.6 iliyotangazwa Oktoba 2022. Walikuja na wimbo huohuo, kwamba wababe ni Walmart, Costco na Amazon. Jaji Adrienne Nelson kule Oregon akaangalia eneo kwa eneo, na hata soko lilipopanuliwa Costco ikaingia, bado sehemu nyingi zilikuwa zimevuka kiwango cha umiliki wa soko kinachotiliwa shaka kisheria. Tarehe 10 Desemba 2024 akaizuia, siku hiyohiyo jaji wa jimbo la Washington naye akaizuia kwa sheria ya jimbo lake, kesho yake Albertsons wakavunja dili na kuishtaki Kroger.

Halafu kuna wa "tutauza maduka kadhaa yaishe". Kroger waliahidi kuwauzia C&S, kampuni ya kuuza vyakula kwa jumla, maduka 579 ili ushindani ubaki na bado wakashindwa, maana watu wanakumbuka 2015: Albertsons ilipochukua Safeway, Haggen yenye maduka 18 ikabebeshwa mengine 146, miezi michache tu ikaomba ulinzi wa kufilisika na Albertsons wakanunua tena baadhi ya yaleyale waliyouza. Msinitajie idadi ya maduka, niambieni mnunuzi ataweza kushindana au la.

FTC, tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ushindani, inasimamisha dili papo hapo kwa amri yake? Hapana, inabidi iende kortini kuomba zuio, na jaji anaweza kukataa.

Na dili ikishafungwa ndio basi? Waulizeni Whole Foods, maduka ya vyakula vya asili, na mpinzani wao Wild Oats. 2007 korti ilikataa kuwazuia wakainunua Wild Oats fasta, 2008 rufaa ikaigeuza hukumu, 2009 wakakubali kuuza maduka pamoja na jina lenyewe la Wild Oats. Kilichowaumiza sana ni imeili ya bosi wao kwa bodi, aliandika kwamba kununua kutawaepusha na vita vya bei na kumwondoa mpinzani. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote kuhusu "kummaliza" mshindani wako nipigie simu, na kama umeshaandika usifute hata herufi moja, niletee kama ilivyo.