Je, wajua kwa nini mgonjwa anaweza kuruhusiwa halafu bakteria wake sugu akabaki wodini?

Mwezi wa 6 mwaka 2011 hospitali ya utafiti ya NIH, yaani taasisi ya taifa ya afya, huko Bethesda, Maryland nchini Marekani, ilimpokea mama mmoja akitokea hospitali ya New York, na walijua kabisa kwamba ana bakteria anayeitwa Klebsiella, tena asiyesikia dawa. Wakampa chumba cha peke yake, kila anayeingia kumhudumia anavaa gauni na glavu. Tarehe 15 mwezi wa 7 akaruhusiwa na hakuna mgonjwa mwingine aliyekuwa amekutwa na bakteria huyo. Wiki tatu zikapita, tarehe 5 mwezi wa 8 mgonjwa wa pili akakutwa na bakteria yule yule, baada ya hapo ikawa kama mgonjwa mmoja mpya kila wiki mpaka wakafika 18. Kati yao 11 walifariki, na vifo 6 vilitokana na huyo huyo bakteria.

Sasa alijificha wapi wiki zote hizo?

Klebsiella makazi yake ya kawaida ni utumboni, mtu anaweza kumbeba siku nyingi sana bila homa wala dalili yoyote, na kipimo cha damu au mkojo kisimuone, kumbe anamwachia kwenye shuka, kwenye reli za kitanda na kwenye mikono ya anayemgeuza. Wanasayansi walisoma DNA ya bakteria wa kila mgonjwa wakalinganisha herufi kwa herufi, wakaona wote wametoka kwa yule mama wa kwanza. Bakteria huyo wakamkuta pia kwenye matundu ya sinki, na kwenye mashine ya kupumulia ambayo ilishasafishwa na ikaaminika iko salama!

Na usugu wenyewe unatoka wapi? Wodini antibayotiki zinatumika kila siku, bakteria dhaifu wanakufa, anayebaki ni yule mwenye uwezo wa kuivunja dawa, anazaana bila wa kumbughudhi. Halafu wanagawiana, yani kipande kidogo cha DNA kinachobeba usugu kinaweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine hata kama sio wa aina moja.

Hapa naomba tuelewane vizuri kuhusu glavu maana wengi tunakosea. Tukiona nesi kavaa glavu tunajua mambo ni safi, lakini glavu ile ile ikishika mpira wa mkojo wa kitanda namba 3 kisha ikaenda kufungua dripu ya kitanda namba 4, imeshapeleka bakteria kama ambavyo mkono mtupu ungepeleka, tena mbaya zaidi kwa sababu aliyevaa hahisi uchafu wowote kwa hiyo hakumbuki kunawa. Glavu inabadilishwa kila mgonjwa, na ikivuliwa mikono inanawiwa, kwa sababu inaweza kuwa na vitundu visivyoonekana na wakati wa kuvua unajigusa. Sanitaiza sekunde 20 mpaka 30 inatosha kama mikono haina uchafu wa kuonekana. Ila kuna bakteria anayeleta kuhara kali, Clostridioides difficile, mbegu zake haziuawi na spiriti ya sanitaiza, huyo ni sabuni na maji tu.

Kule Bethesda walipima wagonjwa wote, hata wasio na dalili za bakteria huyo, wakajenga ukuta kuwatenga wenye bakteria, wakang'oa mabomba ya sinki, wakafukiza vyumba kwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi, na wakaweka watu wa kusimama na kuangalia kama kila anayeingia amenawa, daktari bingwa naye akiwemo.

Msidhani ni mambo ya Marekani tu. Watoto waliolazwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 na 2002 wakiwa na bakteria wa jamii hii kwenye damu, wale ambao bakteria wao walikuwa sugu walifariki 71%, wale ambao bakteria wao hawakuwa sugu 39%. Hao ni watoto wetu, na inaniuma kila nikisoma hiyo namba.

Kwa hiyo ukienda kumwona mgonjwa usikae kitandani kwake, usishike dripu wala mpira wake, nawa ukiingia na nawa ukitoka. Na kama nesi anakuja kwa mgonjwa wako na glavu alizotoka nazo kitanda cha jirani, mwambie kwa heshima tu, "Samahani dada, naomba ubadilishe glavu kwanza."