Mlango Mpana Hautoshi: Dhana Potofu Kuhusu Choo cha Mgahawa kwa Watu Wenye Ulemavu

Mwenye mgahawa akiulizwa kama choo chake kinawafaa watu wenye ulemavu, mara nyingi hujibu upesi: ndiyo, mlango tumeupanua na alama ya kiti cha magurudumu tumeibandika. Hapo amehesabu vifaa. Mteja ana swali jingine kabisa: je, nitatoka mezani, nikaingia, nikajisaidia, nikanawa na kurudi kwenye chakula changu bila kumwomba mtu msaada? Karibu dhana zote potofu kuhusu vyoo hivi zinatokana na kuchanganya mambo hayo mawili.

"Wateja wa aina hiyo hatuna"

Hamna kwa sababu hawaingii. Mtu anayejua kwamba hawezi kutumia choo chako hatakaa kwako saa mbili akila na kunywa, na kwa kawaida haondoki peke yake: ndugu au wafanyakazi wenzake aliopanga kula nao wanaondoka naye.

Isitoshe, wanaotumia viti vya magurudumu ni baadhi tu. Choo hiki kinahitajiwa na mzee mwenye magoti mabovu, aliyevunjika mguu na anatembelea magongo, mjamzito wa miezi ya mwisho, asiyeona vizuri, na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo ambaye sasa anavaa mfuko wa kinyesi tumboni. Huyu wa mwisho humtambui kwa macho. Anachohitaji ni rafu ndogo safi ya kuwekea vifaa vyake, ndoano ya kutundikia nguo, na sinki ndani ya chumba hicho hicho. Basi akitoka humo akitembea vizuri, mhudumu asimkodolee macho.

"Mlango ukiwa mpana, kazi imekwisha"

Viwango vya Marekani vya mwaka 2010, vilivyotungwa chini ya ADA, sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1990 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, vinataka uwazi wa mlango usiopungua sentimita 81.5. Uwazi huo hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa nyuzi 90, kuanzia uso wa mlango hadi upande wa pili wa fremu unapogota mlango ukifungwa. Fundi anayepima ubao wa mlango wenyewe atajikuta amepungukiwa. Ndani nako kunatakiwa nafasi ya kugeuza kiti, duara lenye kipenyo cha sentimita 152.5.

Lakini kazi kubwa ni kuhama kutoka kwenye kiti cha magurudumu na kukalia choo. Wengi husogeza kiti chao ubavuni mwa choo, wakafunga breki na kuondoa egemeo la mkono la upande ule. Mkono mmoja hukamata chuma cha ukutani au ukingo wa choo, mwingine hubaki kwenye kiti, kisha mtu hujiinua kwa nguvu za mabega na kujisogeza. Kwa hiyo ubavu mmoja wa choo lazima uwe mtupu, kuanzia mbele hadi ukuta wa nyuma.

Bahati mbaya, hapo hapo ndipo kila mfanyakazi anapopaona pazuri pa kuwekea kitu: ndoo na mopu, viti virefu vya watoto, maboksi ya tishu, chungu cha maua. Pipa la taka la kukanyaga lina kosa la ziada, maana linaziba njia na tena mtu asiyeweza kutumia miguu hawezi kulifungua. Choo chenye vipimo sahihi kinaweza kuharibiwa na pipa moja.

Upande nao una maana yake. Aliyepooza upande mmoja wa mwili huenda anaweza kuhamia kulia tu, au kushoto tu. Mgahawa ukiwa na vyoo viwili vya aina hii, kimoja kiachiwe nafasi kushoto na kingine kulia. Mpini wa kumwagia maji ukae upande wa wazi, si upande uliobanwa na ukuta. Na katika chumba kidogo, mlango ufungukie nje: mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake wenyewe unawazuia waokoaji. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa kutoka nje wakati wa dharura.

"Chuma chochote ukutani kinafaa, na choo kikiwa kirefu zaidi ndiyo bora"

Chuma cha kutundikia taulo si chuma cha kushikia. Kwa vipimo vya ADA, chuma cha kushikia kinapaswa kuhimili nguvu ya newtoni 1,112, sawa na uzito wa kilo 113 hivi. Ukuta wa mbao nyembamba au wa jasi hauwezi kubeba hivyo kwa skrubu peke yake. Inabidi uimarishwe kwa ndani kabla ya vigae kupigwa. Chuma kiwe kati ya sentimita 84 na 91.5 kutoka sakafuni, na kiachane na ukuta kwa sentimita 3.8 tu. Watu hudhani nafasi kubwa zaidi ni raha zaidi, kumbe mkono ukiteleza unaweza kupenya na kunasa humo.

Kuhusu urefu, viwango hivyo vinataka sehemu ya kukalia iwe sentimita 43 hadi 48.5 kutoka sakafuni. Mwenye magoti mabovu huinuka kwa urahisi kwenye choo kirefu, hilo ni kweli. Ila kikizidi urefu wa kiti cha magurudumu, mwenye kiti anapanda mlima, na mfupi wa kimo anabaki miguu ikining'inia hewani.

"Sinki ni sinki tu"

Anayenawa akiwa ameketi anahitaji magoti yaingie chini ya sinki, na kabati lililojengwa hapo chini kwa ajili ya urembo linamzuia. Ukingo wa juu usizidi sentimita 86.5. Bomba la maji moto linalopita chini ya sinki lifunikwe, kwa sababu mtu asiyehisi chochote miguuni anaweza kuungua bila kujua. Ukingo wa chini wa kioo usizidi sentimita 101.5, la sivyo aliyeketi anaona dari. Sabuni na tishu za mikono zifikike bila kuinuka. Ukishalowesha mikono, ukalazimika kusukuma magurudumu kuifuata tishu upande wa pili wa chumba, umenawa bure.

Kwa bomba na kitasa, funga ngumi ujaribu kuvitumia. Ikishindikana, vibadilishe.

Rangi husahaulika kabisa. Choo cheupe, vigae vyeupe, chuma cheupe: kwa mbunifu ni usafi, kwa mwenye uoni hafifu ni ukungu. Chuma cha rangi inayotofautiana wazi na ukuta huondoa tatizo hilo.

"Kamba nyekundu inasumbua, ifungwe juu"

Kamba ya kengele ya dharura hukutwa imeviringwa kwenye chuma au imefungwa fundo juu, ili isilowe wakati wa kupiga deki au watoto wasiivute. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unataka kamba hiyo iwe na pete mbili nyekundu, moja kati ya sentimita 80 na 100 kutoka sakafuni, nyingine sentimita 10 tu. Ile ya chini ni ya aliyekwisha kuanguka. Ukiifunga fundo, umempa kengele aliyesimama na kumnyima aliyelala sakafuni. Na kengele yenyewe ilie mahali palipo na mtu anayejua la kufanya, si stoo.

Taa zinazojizima zenyewe nazo ziangaliwe. Kuhama kwenda chooni huchukua muda, na kuachwa gizani katikati ya tendo hilo ni hatari.

"Ni gharama kubwa mno"

Gharama kubwa huja kwa anayerekebisha baadaye, kwa sababu anavunja sakafu ili kuhamisha mabomba ya majitaka. Kwenye ramani, kusogeza ukuta kidogo hakuna uzito huo. Jengo la zamani lenye nafasi finyu lianzie kwa yasiyohitaji nondo wala saruji: ondoa mizigo, badilisha vitasa, shusha kioo, fungua fundo la kamba, na pitisha njia ya sentimita 91.5 kati ya meza hadi mlango wa choo. Ngazi moja tu kwenye njia hiyo inabatilisha kila kilichojengwa mbele yake.

Wapo wanaoazima kiti cha magurudumu na kujipitisha wenyewe ili kupima. Si vibaya kwa kuanzia, ila mwenye miguu mizima hujisukuma kidogo kwa kisigino bila kujijua, kisha akatangaza kwamba choo kinapitika. Mwalike anayekitumia kiti kila siku, mlipe kwa muda wake, naye apime kabla fundi hajaondoka.