Mkanda wa gari unavyomnasa mtoto shingoni

Foleni ya feri Likoni ikirefuka, injini huzimwa, vioo hushushwa na watoto walio nyuma hufunguliwa mikanda ili wapumue. Ndipo mkanda usio na mtu unapogeuka kamba ya kuchezea. Wazazi wengi huamini kuwa gari likishazimwa, mkanda hauna neno. Lakini kukaza kwake hakutegemei ufunguo. Ni springi na meno ya chuma, nayo hufanya kazi gari likiwa njiani, uani au juu ya jeki.

Ndani ya nguzo ya mlango, au nyuma ya siti, mna roli iliyozungushiwa mkanda. Roli ya kawaida hukwama ukivuta kwa ghafla, ukilegeza inaachia. Ninayoihofia ni ile yenye kazi ya ziada: ukiuvuta mkanda polepole hadi mwisho wake kabisa, kikwamizo huingia kwenye meno, na tangu hapo mkanda hurudi ndani tu, hautoki. Si ubovu. Iliundwa hivyo ili kiti cha mtoto kikishabanwa kisilegee, na Marekani ilidai magari yaliyoundwa tangu Septemba 1995 yawe na namna ya kuukaza mkanda wa abiria hivyo. Kwenye magari ya Japani yanayoteremshwa bandarini Kilindini, mengine yanayo na mengine hayana, kwa hiyo jina la gari halikuambii kitu. Siti ya dereva kwa kawaida haina.

Sasa mtoto ajizungushe mkanda shingoni mara moja tu, aegemee mbele hadi ufike mwisho, kisha arudi nyuma. Springi hula kila nafasi anayoiacha. Akijisogeza, unakaza, akiuvuta ajinasue, hautoki hata kidogo. Shingo ikishabanwa hana sauti ya kukuita, na kwa vioo vyeusi tulivyovizoea hapa Mombasa, aliye nje haoni lolote.

Jaribu kila siti, ni kazi ya dakika tano. Vuta mkanda polepole hadi mwisho, uache urudi kama shubiri moja, kisha uvute tena. Ukisikia ka-ka-ka wakati unarudi, na ukagoma kutoka, ndio huo. Kuufungua, uachie uingie wote ndani. Ukisharudi wote, kikwamizo hujitoa. Hapa ndipo vile vibanio vya nguo, ambavyo watu hubana kwenye mkanda usiwaguse shingo, vinapoleta balaa: vinauzuia usiingie wote, basi unabaki umekwama. Vitoe leo.

Siti isiyo na mtu, funga mkanda wake kwenye kifungo, uvute polepole hadi mwisho, kisha uurudishe ndani mpaka ukaze. Mtoto hapati tena pa kuanzia. Ule wa katikati unaotoka darini kwenye magari ya safu tatu, urudishe kwenye nafasi yake kila ukimaliza. Kama kiti cha mtoto kinashikwa na vyuma vya chini vya siti badala ya mkanda, mkanda huo unabaki bure karibu na mikono yake. Ufunge kabla ya kuweka kiti, ikiwa maelekezo ya kiti hayakatazi. Usisahau wa siti ya jirani pia.

Akishanaswa, usiuvute kwa nguvu. Shika mkanda kwa mkono mmoja pale unapotoka kwenye nguzo, ubane, usiingie hata kidogo. Msogeze mtoto upande huo ili shingo ipate nafuu, na kama ulimi wa mkanda umo kwenye kifungo, bonyeza uutoe. Usipofunguka papo hapo, kata. Usianze kutafuta namna ya kuurudisha ndani, kwa sababu shingo yake imo katikati. Kata kati ya nguzo na mtoto, mbali na ngozi, mkanda ukiwa umenyooka na makali yakiwa mshazari. Mkasi butu wa jikoni unatafuna tu nyuzi. Uwe mkali, au kikata mkanda, ukae mfukoni mwa mlango wa dereva pasipofikiwa na mtoto. Ukiwa kwenye buti ni sawa na kutokuwepo.

Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2, mtu mwingine apige 999. Akipumua, hata akicheka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hasa akiwa na sauti ya kukwaruza, shida ya kumeza, alama shingoni au vidoa vyekundu machoni. Uvimbe wa koo huweza kuja baadaye.

Mkanda uliokatwa haushonwi, hata fundi wa viti awe hodari vipi. Hubadilishwa pamoja na roli yake, na ukinunua iliyotumika, kataa iliyotoka kwenye gari lililogonga.