Je, wajua kwanini paka wakubwa, yani simba, chui na wenzao, wa zuu (bustani za wanyama) wanapata sana kansa?

Chui milia wa zuu analishwa, anachanjwa, hakuna wa kumwinda, halafu mwisho wa siku anakufa na kansa, imekaaje hiyo? Kwanza ni umri. Porini simba wengi hawafiki hata miaka 15, njaa na majeraha vinawawahi, ila zuu anaweza kuvuka 20, na kadiri seli zinavyozidi kujigawa ndivyo makosa ya jeni yanavyozidi kurundikana.

Ila umri sio kila kitu, na hapa ndo panaponiuma. Zuu haziwezi kuacha kila jike azae, nafasi ni ndogo na hawataki ndugu wapandane, basi tangu miaka ya 1970 majike kibao wakawekewa kijiti cha uzazi wa mpango chenye dawa ya melengestroli, inayofanya kazi kama projesteroni, homoni ya mimba. Yani matiti na ukuta wa kizazi vinachochewa muda wote kukua, mwaka baada ya mwaka, na kwa paka uvimbe wa titi mara nyingi ni kansa kweli, tena inakimbilia mapafu na ini. Tulikuwa tunawalinda wasitoweke huku dawa yetu wenyewe inawaumiza.

Kuna mengine pia. Chui wa theluji wanapata kansa ya mdomo inayohusishwa na virusi vya papiloma, vile vinavyoleta chunjua, na jagwa, paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui, kwenye zuu za Amerika Kaskazini wanasumbuliwa na kansa ya ovari (kiungo kinachotengeneza mayai ya uzazi), ambayo wanasayansi wanashuku ni ya kurithi. Utafiti wa mwaka 2021 uliopitia wanyama 110,148 wa zuu, spishi 191, ulikuta wala nyama ndo wanaongoza kwa kufa na kansa, hasa wanaokula mamalia wenzao, na inadhaniwa virusi vya kwenye nyama mbichi vinachangia.

Siku hizi zuu nyingi zimehamia kijiti cha deslorelini, hiki kinazima ovari badala ya kuiga mimba. Ila jike aliyewahi kuwekewa kile cha zamani inabidi apapaswe matiti kila akichomwa sindano ya usingizi, maana uvimbe ukionekana bado mdogo daktari anaweza kuukata kabla haujafika mapafuni.